Springi ngumu kiasi gani? Kwa gari la kazini Jumatatu na la saketi Jumamosi

Seti yangu ya kwanza ya springi ilikuwa imeandikwa 10 mbele na 6 nyuma, yaani kilo 10 na kilo 6 kwa kila milimita inayobonyea. Niliinunua kwa sababu rafiki yangu alikuwa nayo, na gari lake lilikuwa linanipita kila kona. Saketini, yaani kwenye njia ya mbio, gari langu likakataa kuingia kona: nakata usukani, pua inaendelea mbele kama haijasikia. Barabarani ikawa balaa zaidi, kila kiungo cha daraja nilikisikia kwenye meno. Mwanangu, aliyezoea kusinzia kiti cha nyuma kabla hatujamaliza kilomita mbili, akaacha kabisa kusinzia. Msimu mzima nililaumu matairi, nikalaumu shokapu, nikabadilisha pembe za magurudumu mara tatu. Kumbe springi zenyewe hazikuwa na kasoro yoyote. Zilikuwa tu za gari lenye uzito na mikono ya saspensheni (vyuma vinavyoshikilia magurudumu) tofauti na vya kwangu.

Tangu hapo nimejifunza kuchagua springi kwa mizani, futi kamba na kikokotoo, na ndiyo njia ninayotaka kukuonyesha hapa. Hesabu zake ni za darasa la sekondari. Kazi kubwa ni kupima kwa uaminifu.

Tuanze na namba iliyochapwa kwenye springi. Inasema jambo moja tu: nguvu kiasi gani inahitajika kuibonyeza kwa milimita moja. Wengine huandika kilo kwa milimita, wengine niutoni kwa milimita (N/mm), wengine pauni kwa inchi. Kilo 1 kwa milimita ni sawa na N/mm 9.81, au pauni 56 kwa inchi. Geuza zote ziwe N/mm kabla hujalinganisha chochote.

Lakini hata ukishageuza, hiyo bado si nguvu inayofika kwenye gurudumu. Springi haikai juu ya gurudumu moja kwa moja; mara nyingi imekaa katikati ya mkono, ikiwa na gurudumu mbele yake na egemeo nyuma yake. Gurudumu likipanda milimita 50, springi inaweza kubonyea milimita 35 tu. Gawanya 35 kwa 50 unapata 0.70, na huo ndio uwiano wa mwendo. Sasa sikiliza vizuri, maana wengi wanapotea hapa: ugumu unaofika kwenye gurudumu ni ugumu wa springi ukizidishwa kwa uwiano huo mara mbili, siyo mara moja. Mara ya kwanza ni kwa sababu springi inabonyea kidogo kuliko gurudumu linavyopanda. Mara ya pili ni kwa sababu nguvu yenyewe inapungua ikipitia mkono uleule. Kwa hiyo 0.70 inakuwa 0.49. Nusu ya springi uliyolipia haifiki chini.

Kwenye gari langu mbele kuna strati ya MacPherson, yaani shokapu na springi vikiwa nguzo moja, ambayo springi yake inapanda na kushuka karibu sawa na gurudumu, nilipima 0.95. Nyuma ni saspensheni ya mikono mingi, nikapata 0.70. Usichukue namba zangu. Na ukikuta mtu ameandika uwiano wa gari kama lako kuwa 1.4 hivi, ujue amegawanya kinyume, mwendo wa gurudumu kwa mwendo wa springi. Igeuze kwanza.

Kupima kunachukua mchana mmoja. Nyanyua gari, liweke kwenye stendi imara pande zote, toa gurudumu, kisha toa springi kwa kifaa chake cha kubania. Naomba usifanye haraka hapa. Springi iliyobanwa imebeba nguvu ya kuua mtu, kwa hiyo usiweke uso wala mkono kwenye mstari wake, na kifaa kikionyesha nyuzi zilizolika, usikitumie. Rudisha shokapu bila springi. Weka jeki chini ya habu (kitovu ambacho gurudumu hufungwa), inua hadi habu ifike kwenye urefu wake wa kawaida wa gari likiwa limesimama chini. Urefu huo uwe umeshaupima kabla, kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa bodi. Pima umbali kati ya vikalio viwili vya springi, yaani mahali ncha zake za juu na chini zinapokaa. Inua habu milimita 25, pima tena. Shusha milimita 25 chini ya urefu wa kawaida, pima tena. Mabadiliko ya vikalio gawanya kwa mabadiliko ya habu. Kama shokapu na springi vimekaa mahali tofauti, kama ilivyo nyuma ya magari mengi, kila kimoja kina uwiano wake; pima vyote viwili, utauhitaji wa shokapu baadaye.

Kitu cha pili ni uzito. Mimi hupima nikiwa nimekaa kwenye kiti cha dereva, tangi likiwa nusu, buti likiwa tupu. Ukipata mizani minne, moja kwa kila gurudumu, vizuri sana. Ukikosa, mizani ya malori itakupa uzito wa ekseli ya mbele na ya nyuma, ugawe kwa mbili. Kwangu ni kilo 330 kila upande mbele na kilo 300 kila upande nyuma, jumla 1,260.

Katika uzito huo kuna sehemu ambayo springi haiibebi: tairi, rimu, diski na breki, habu, na takribani nusu ya mikono. Tairi langu na rimu yake kwenye mizani ya bafuni ni kilo 18. Nikijumlisha vingine najua nipo karibu na kilo 40 kwa kila kona ya gari, na kwa magari mengi madogo na ya kati utakuwa jirani na hapo. Ukikosea kwa kilo tano, jibu halitabadilika kiasi cha kukuumiza. Kwa hiyo springi za mbele zinabeba kilo 290 kila moja, za nyuma 260.

Sasa ndiyo tunafika kwenye swali lenyewe. Badala ya kuuliza "springi ya kilo ngapi", uliza bodi itacheza juu na chini mara ngapi kwa sekunde moja ikiachwa icheze yenyewe. Hesabu hiyo ni hezi, na uzuri wake ni kwamba inalinganisha gari dogo na kubwa kwa kipimo kimoja. Magari ya starehe yako kati ya 1.0 na 1.3. Magari ya barabarani yenye tabia ya michezo hufika 1.5 au 1.6. Gari la mashindano lisilo na mabawa ya kulikandamiza chini huwa kati ya 1.8 na 2.5. Ukivuka hapo unaingia kwa magari yenye mabawa, ambayo yanahitaji springi ngumu kwa sababu upepo wenyewe unayabonyeza kwa mamia ya kilo, na urefu wa gari kutoka chini hautakiwi kubadilika.

Kwa gari linaloenda kazini na saketini, mimi naona mahali pazuri ni kati ya 1.6 na 2.0. Kama saketi ni mara nne kwa mwaka na barabara zako zina mashimo, kaa 1.6. Kama una matairi laini ya mashindano na unaenda kila mwezi, sogea kwenye 2.0. Matairi yana uzito mkubwa katika uamuzi huu: tairi linaloshika zaidi linalaza gari zaidi kwenye kona ileile, kwa hiyo linadai springi ngumu zaidi. Kuweka springi za mashindano juu ya matairi ya kawaida ya barabarani ni kupoteza mshiko ambao tayari ni mdogo, na mvua ikinyesha utajuta.

Mimi nilichagua 1.8 mbele na 1.95 nyuma. Hesabu yake ni hii: chukua hezi, zidisha kwa 6.283, jibu lizidishe kwa lenyewe, kisha zidisha kwa kilo zinazobebwa na springi, halafu gawanya kwa 1,000. Mbele: 1.8 mara 6.283 ni 11.31; ikijizidisha ni 127.9, mara 290 ni 37,091, gawanya kwa 1,000, unapata N/mm 37.1 kwenye gurudumu. Ili kurudi kwenye springi, gawanya kwa 0.95 mara mbili, yaani kwa 0.9025. Jibu ni N/mm 41, au kilo 4.2 kwa milimita. Nyuma: 1.95 inanipa N/mm 39 kwenye gurudumu, nagawanya kwa 0.49, springi inatoka N/mm 80, kilo 8.1 kwa milimita.

Tazama namba hizo mbili kwa makini. Springi ya nyuma ni ngumu karibu mara mbili ya ile ya mbele, lakini magurudumu yenyewe yanapata 37 na 39, karibu sawa. Sasa rudi kwenye seti yangu ya kwanza, 10 mbele na 6 nyuma. Ukiipitisha kwenye hesabu hiihii, mbele inatoa hezi 2.78, ambayo ni ya gari lenye mabawa, na nyuma 1.68. Pua ngumu namna ile haiwezi kuingia kona, na dereva hana la kufanya. Ningefanya hesabu hii kabla ya kulipa ningejua ndani ya dakika kumi.

Kuna njia fupi ya kuhakiki. Piga hesabu springi inabonyea sentimita ngapi kwenye gurudumu kwa uzito wa gari likiwa limesimama, tafuta kipeuo cha pili, kisha gawanya 5 kwa jibu hilo. Kwangu mbele, kilo 290 ni niutoni 2,845. Gawanya kwa 37.1 ni milimita 77, sentimita 7.7. Kipeuo chake ni 2.77, na 5 ikigawanywa kwa hicho ni 1.8. Kama njia zote mbili hazikubaliani, kuna mahali umekosea kizio.

Kwa nini nyuma iwe juu kuliko mbele? Kwa sababu ya tuta. Mbele inalikanyaga kwanza na kuanza kucheza, nyuma inafuata baada ya sekunde kidogo. Nyuma ikicheza kwa kasi zaidi, inaifikia mbele na bodi nzima inapanda na kushuka kwa pamoja, bila kutikisika kama mtumbwi. Maurice Olley, mhandisi aliyetoka Rolls-Royce akaenda General Motors, ndiye aliyelifanyia kazi jambo hili miaka ya 1930, na hadi leo magari mengi ya barabarani yanalifuata. Saketini faida yake ni ndogo, maana lami ni laini na shokapu ni kali, na wapo wanaogeuza mbele ikawa juu ili usukani uwe mwepesi kuitika. Kwa gari la matumizi mawili mimi siachi. Asilimia 10 hivi inatosha, na mwanangu amerudia kulala.

Kabla hujaagiza, kuna hesabu moja zaidi, na hii ndiyo inayokataa springi laini mno. Ni nafasi ya kubonyea. Gari langu limeshushwa, na mbele nimebakiwa na milimita 40 kabla shokapu haijagonga ile raba ya kikomo kwenye fimbo yake. Nikifunga breki kwa nguvu ya g 1, yaani nguvu sawa na uzito wa gari lenyewe, uzito unahamia mbele. Kituo cha uzito kikiwa nusu mita kutoka chini na ekseli zikiwa mita 2.5 mbalimbali, moja ya tano ya uzito wa gari inahama: niutoni 2,472, au 1,236 kwa kila gurudumu la mbele. Gawanya kwa 37.1, pua inazama milimita 33. Zimebaki saba. Jiometria ya saspensheni hupunguza kidogo huko kuzama, lakini ukiongeza tuta dogo katikati ya breki, unaona jinsi nafasi ilivyo finyu. Ningelishusha gari sentimita moja zaidi, raba ingegongwa kila nikifunga breki, na raba ikigongwa ugumu unaruka ghafla, tairi linateleza bila kukuonya. Ukitaka gari liwe chini zaidi, springi ngumu inakuwa ya lazima, na unailipia barabarani. Mimi ningependa ulinyanyue gari sentimita moja kuliko kununua springi ngumu kwa sababu ya muonekano.

Fanya hesabu kama hiyo nyuma ukiwaza abiria. Watu wazima wawili nyuma wananiongezea kilo 70 hivi kila upande; springi zinazama milimita 18 na hezi zinashuka kutoka 1.95 hadi 1.73. Gari bado linatembea vizuri, ila nilibidi nihakikishe tairi haligusi bodi.

Jambo ambalo watu hubishana sana ni kuhama kwa uzito kwenye kona. Springi ngumu haizuii uzito kuhamia magurudumu ya nje. Kiasi kinachohama kinaamuliwa na uzito wa gari, urefu wa kituo cha uzito, upana kati ya magurudumu na ukali wa kona, basi. Springi na stabilaiza (chuma kinachounganisha gurudumu la kushoto na la kulia ili gari lisilale sana) zinaamua mambo mawili: gari litalala kiasi gani, na uzito huo utabebwa zaidi na mbele au nyuma. Upande ulio mgumu zaidi unabeba zaidi na unapoteza mshiko kwanza. Mbele ngumu, pua inakimbia nje. Nyuma ngumu, mkia unatoka. Kwa hiyo chagua springi kwa hezi na kwa nafasi ya kubonyea, kisha tumia stabilaiza kurekebisha tabia ya kona. Gari linalovutwa na magurudumu ya mbele mara nyingi litakuomba nyuma ngumu zaidi kuliko nilivyoeleza. Lipe, lakini kidogokidogo, na kwanza mahali penye nafasi ya kukosea.

Shokapu, au shokamzoba kama wengine wanavyoita, ziende na springi. Springi ikiwa ngumu mara mbili, shokapu inatakiwa kuongeza nguvu kwa 1.4 hivi ili gari litulie kama mwanzo, hasa pale springi inapojinyoosha. Kwenye shokapu za kiwandani sizidishi ugumu wa springi zaidi ya asilimia 30. Dalili ya kuzidisha utaiona barabarani: unapita tuta, gari linapanda, linashuka, linapanda tena. Hilo huwezi kulitibu kwa springi nyingine ngumu zaidi, ingawa watu hujaribu.

Kuhusu kukata springi: springi inakuwa ngumu zaidi mizunguko ikipungua, hilo ni kweli, lakini inakuwa fupi pia, haikai vizuri kwenye kikalio, na gurudumu likining'inia inaweza kuchomoka. Usikate. Kuibana zaidi kwa kuzungusha ringi ya chini, kwenye shokapu zenye nyuzi za kurekebisha urefu, nako hakuongezi ugumu. Kwa kawaida kunanyanyua gari tu. Na springi zenye ugumu unaopanda kadiri zinavyobonyea zinafaa kwa starehe, ila kwa hesabu za namna hii zinakuacha ukibahatisha, ndiyo maana nanunua zenye ugumu mmoja.

Ukipata springi zilizotumika ambazo maandishi yamefutika, unaweza kuzisoma kwa venia, kile kipimo cha kubana cha kupimia unene. Pima unene wa waya, upana kutoka katikati ya waya upande mmoja hadi katikati ya waya upande wa pili, na hesabu mizunguko inayofanya kazi, bila ile ya mwisho iliyolala kwenye kikalio. Ukitumia milimita, chukua unene kwa kipeo cha nne (unene × unene × unene × unene), zidisha kwa 79,300. Hicho kigawanye kwa 8 mara mizunguko mara upana kwa kipeo cha tatu (upana × upana × upana). Niliwahi kuuziwa jozi ya "kilo 9" zenye uwazi wa ndani wa milimita 60 na mizunguko sita. Moja ilikuwa na waya wa milimita 12, nyingine milimita 11. Kwa macho zilikuwa pacha. Kwa hesabu ya kwanza ni N/mm 92, ya pili 68. Milimita moja ya waya, na gari lingekuwa na kulia na kushoto tofauti. Futa rangi mahali unapopima, maana rangi nene nayo inadanganya.

Ukishafunga, endesha kilomita mia moja hivi kabla ya kupima urefu na kupanga upya pembe za magurudumu. Kisha funga kamba ndogo ya plastiki, ile ya kufungia nyaya, kwenye fimbo ya kila shokapu, uisukume hadi iguse mwili wake. Endesha mizunguko mitano ya saketi kwa kasi yako ya kawaida, simama, tazama kamba zimesukumwa hadi wapi. Andika. Zirudishe chini, nenda nazo nyumbani kwa njia unayopita kila siku, tazama tena. Kamba ikiwa imegota kwenye raba saketini, panda N/mm 10 kwenye springi hiyo au nyanyua gari. Ikiwa imebaki mbali na raba kote kuwili na gari linaruka kwenye matuta ya kona, shuka N/mm 10. Badilisha ekseli moja kwa wakati mmoja, jozi nzima, na usiguse shokapu siku hiyo. Kwangu mbele, mara ya mwisho, kamba zilisimama milimita 6 kabla ya raba kushoto na 8 kulia, na springi zile za N/mm 41 bado ziko palepale.